Nilivyomlisha Maneno Mzee Magesa

Mwanangu Zainabu,

Mama yako anakaanga dagaa wa safari, na wewe umekwenda Bunda kumuaga shangazi yako, kwa hiyo nyumba imetulia na nimepata nafasi ya kuandika juu ya meza ya cherehani. Jioni ukirudi utaikuta barua hii ndani ya begi lako. Isome kesho ndani ya basi la kukupeleka kwenye kituo chako cha uhakimu. Ukiisoma hapa utanijia juu, na mimi nimewachoka mahakimu, sina nguvu ya kugombana na mwingine ndani ya nyumba yangu.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na kutolala njiani mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena stendi. Mimi nina jambo moja la kusahihisha. Jumapili iliyopita nilikuonyesha wito wa mahakama, kwamba Jumatatu ijayo natakiwa mahakama ya wilaya nikatoe ushahidi katika rufaa ya Nyangeta, binti wa marehemu Mzee Magesa. Nikakwambia kwa ufupi kwamba zuio la ardhi yao linakwisha Jumatano, na kwamba nitakwenda kukiri kuwa nilidanganya. Uliusoma wito ule tena. Halafu ukasema, kwa sauti ile uliyokuja nayo kutoka chuoni, "Baba, naomba uahirishe. Waambie unaumwa. Nikishathibitishwa kazini, nenda ukaseme unavyotaka." Nami nikakujibu, "Nimesikia." Uso wako ukakunjuka, ukanitilia sukari vijiko vitatu kwenye chai kana kwamba sukari haikuwahi kuadimika nchi hii.

Mwanangu, sikukubali. Nilisikia tu. Nimekuacha wiki nzima ukidhani nimekubali, kwa woga, na hilo ni kosa langu la pili la aina hiyo. La kwanza ndilo wanalonitakia mahakamani, na hukulijua lote kwa sababu sikuwahi kukusimulia.

Wewe unanijua fundi cherehani wa Mwisenge ambaye mitumba imemmaliza. Ulipokuwa mdogo ukiuliza nilifanya nini zamani, nilikuwa nasema nilikuwa mtu wa bomani, na wewe ulikuwa unaridhika. Nilikuwa mkalimani. Baba yangu alikuja Musoma na biashara ya vitambaa akitokea Tabora, akamwoa mama yangu aliyetoka upande wa Butiama. Kiswahili nilikipata kwa baba, Kizanaki kwa mama, Kiingereza shuleni kwa fimbo. Wakati wa Mwingereza mtu mwenye lugha hizo tatu kichwani alikuwa mali. Nilipewa kaptula nyeupe, soksi ndefu na kiti kidogo pembeni ya meza ya Bwana Shauri, na nikajiona nimefika.

Bwana Shauri huyo, nakueleza wewe uliyezaliwa baada ya uhuru, ndiye aliyekuwa mtawala wa wilaya. Alikusanya kodi, aliamuru polisi, alikagua jela, alihesabu ng'ombe wa watu, na kila Alhamisi kuanzia saa tatu mpaka saa sita mchana aligeuka kuwa haki. Hakubadilisha hata koti. Rufaa zote kutoka mabaraza ya machifu zilikuja mezani kwake, meza ile ile aliyotumia kuwaandikia machifu hao maagizo yake. Kumlalamikia chifu kwake ilikuwa kuulalamikia mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Alisikiliza kwa makini sana, kidevu juu ya kiganja, na nadhani mwenyewe aliamini anapima. Ndiyo maana nilimdharau baadaye kuliko wale wakali waliopiga meza. Mkali alijua anachofanya.

Mpaka leo kuna wazee wenzangu kinyozini wanaosema mzungu alikuwa na haki, hakuwa na ndugu hapa wa kumpendelea. Huwa nainuka nikaondoka na nywele nusu. Hakuwa na ndugu, kweli. Hakuwa na habari pia. Hakujua mlima upi uko wapi, nani kaoa kwa nani, wala kwa nini mtu anatoa machozi akitaja mti fulani. Watu wakaiita hali hiyo kutopendelea, na nyinyi huko chuoni sijui kama mnafundishwa tofauti yake.

Na kumfikia hapo penyewe kulikuwa kazi ya kumchosha mwenye afya. Kwanza upate nakala ya hukumu kutoka kwa karani wa baraza, na karani alikuwa mtoto wa dada yake chifu. Leo wino umekwisha, kesho muhuri umekwenda na chifu safarini. Siku za kukata rufaa zinahesabika huku wewe unapewa kiti na maji ya kunywa. Ukiipata, utembee kwa miguu mpaka Musoma, ulale kwa watu, usubiri Alhamisi. Wengi waliishia kuambiwa wamechelewa. Mimi ndiye niliyewaambia, na niliwaambia nikiwa nimekunja mguu juu ya mguu.

Mzee Magesa hakuchelewa. Alikuwa na ardhi upande wa Buhemba, yenye chemchemi na makaburi ya wazee wake. Bwana Shauri alikuwa ameagiza machifu watenge mahali pa kujenga majosho ya ng'ombe. Chifu wa kule, ambaye jina lake naliacha kwa sababu wajukuu zake hawakutenda neno, akaona hakuna mahali panapofaa isipokuwa kwa Magesa. Josho halikujengwa. Miezi michache baadaye pale palipotengwa kwa josho palikuwa na mihogo ya shemeji yake chifu. Magesa akashtaki kwenye baraza la chifu, na nadhani huhitaji kuambiwa nani alishinda. Akakata rufaa kwa Bwana Shauri, yaani kwa mtu aliyetoa agizo lenyewe.

Siku ile alizungumza kwa Kizanaki, amesimama, kofia mkononi. Alianza na babu yake. Alitaja mpaka mmoja mmoja, na nani alikuwepo ulipowekwa, na nani kazikwa wapi. Kwetu hiyo siyo porojo, ndiyo hati yenyewe. Mimi robo saa ya maneno yake niliipitisha kwa sentensi mbili. Bwana Shauri alipenda wakalimani wafupi. Wiki moja kabla alikuwa amemwambia mgeni wake mbele yangu kwamba hana mkalimani mwingine kama mimi jimbo zima, na sifa hiyo ilinilevya hata nikawa nawakata wazee katikati ya maneno ili nisipoteze ufupi wangu. Hebu fikiria upumbavu huo. Mtu anatembea siku mbili kuja kusema, na mimi namwonea haya mzungu kwa sababu mtu huyo anasema.

Ilipokaribia saa sita Bwana Shauri akafunga kalamu, akaifungua tena, akaniambia nimweleze mzee kwamba agizo la majosho ni la manufaa kwa wote, na kwamba baraza lilifuata utaratibu. Je, sasa anaukubali uamuzi wa baraza? Ndiyo au hapana.

Nikamfasiria. Mzee Magesa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kizanaki neno moja ambalo kwa Kiswahili ni "nimesikia".

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Kwa watu wa mama yangu, mzee akiambiwa jambo zito na mkubwa mwenzake, habishani palepale kama watoto. Anasema amesikia. Maana yake ni kwamba maneno yako yamenifikia, sitakuvunjia heshima nyumbani kwako, nakwenda kuyapeleka kwa watu wangu, na tutarudi tuzungumze. Ni mlango wa maneno. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, maana mama yangu alikuwa anamjibu baba hivyo hivyo, na baba, ingawa ni mtu wa kuja, alishajua kwamba hapo shughuli ndiyo inaanza.

Nikamgeukia Bwana Shauri nikamwambia, "Anakubali."

Nimekaa na neno hilo karibu miaka arobaini na bado sijapata sababu ya heshima. Hakuna aliyenihonga. Laiti ningehongwa ningekuwa na kitu cha kutubia kinachoeleweka. Chifu hakunijua hata jina. Nilisema hivyo kwa sababu niliulizwa ndiyo au hapana, na "amesikia" ingehitaji maelezo, na maelezo yangenifanya nionekane mkalimani mrefu dakika tano kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo sababu yote. Bwana Shauri akaandika kwamba mrufani ameukubali uamuzi na rufaa imekwisha kwa ridhaa yake, akaweka sahihi. Kwa kuwa imekwisha kwa ridhaa, hakuna pa kuipeleka tena, wala kwa mkuu wa jimbo.

Wiki mbili baadaye Mzee Magesa alirudi. Alikuja na wazee wanne wa ukoo wake, mmoja kipofu akiongozwa kwa fimbo, wale waliokuwepo mipaka ilipowekwa. Kwa hesabu yake kesi ilikuwa haijaanza. Niliwakuta barazani wamekaa chini kwa mpangilio wa umri, wamenyoa, wamevaa vizuri. Niliingia ndani kumwambia Bwana Shauri. Hakuinua kichwa. Akasema shauri lilikwisha kwa ridhaa, niwaeleze, na akaongeza niwaeleze kwa upole.

Nikawaeleza kwa upole. Mzee Magesa akauliza lini limekwisha. Nikasema siku ile ulipokubali.

"Nilikubali lini?"

Wale wazee walinitazama, na yule kipofu naye akaelekeza uso kwangu. Mzee Magesa alikuwa anamjua mama yangu, ni watu wa ukoo mmoja, kwa hiyo kwake mimi nilikuwa mpwa.

"Mpwa," akasema taratibu, "nyumbani kwenu mama yako akisema amesikia, huwaga mnaandika amekubali?"

Wakaondoka. Miezi mitatu baadaye nilipandishwa nikawa mkalimani mkuu. Mzee Magesa akawa anapita kwenye ardhi yake kwa njia ya pembeni mpaka alipofariki, na mama yangu, ambaye habari zilimfikia kwa ndugu zake, aliacha kuzungumza nami Kizanaki. Alinijibu kwa Kiswahili tu mpaka siku zake za mwisho. Hicho ndicho Kizanaki ambacho wewe hukukirithi, na ulikuwa ukidhani ni uzembe wangu.

Usidhani nakusimulia ubaya wa wakoloni ili tuseme tulipopata vya kwetu mambo yakanyooka. Unakumbuka miaka ile ya foleni, ulipokuwa sekondari, nilikuwa mzee wa baraza katika mahakama moja ya mwanzo mkoani humu. Hukumu yoyote ilikuwa lazima wazee wawili tuulizwe maoni. Mwenzangu alilala tangu kiapo mpaka hukumu, na hakimu alipenda hivyo. Aliniuliza, "Mzee Saidi unasemaje?" huku karatasi aliyokwisha kuiandika iko chini ya kiwiko chake. Siku moja alimfunga mwanamke muuza duka kwa kuficha katoni mbili za sabuni, akamsomea maneno makali kuhusu wanyonyaji, na mikono yake iliyoshika hukumu ilikuwa inanukia sabuni ile ile. Nilikaa umbali wa mkono mmoja. Niliulizwa nasemaje. Nikasema nakubaliana na mheshimiwa.

Yule mama akataka kukata rufaa. Karani akamwambia mahakama haina karatasi, alete daftari lake ndipo anakiliwe hukumu, na madaftari madukani hayakuwepo. Zamani ulikosekana wino wa chifu, sasa ikakosekana karatasi ya Jamhuri. Nilijiuzulu mwaka uliofuata, nikaandika ni kwa sababu ya macho. Macho yangu yalikuwa mazima kabisa, mpaka leo natunga uzi bila miwani.

Sasa tumefika zama za ruksa, kila kitu kinauzwa, na imeonekana kwamba chini ya mihogo ya shemeji yake chifu huenda kuna dhahabu. Watoto wa yule shemeji wamepata mnunuzi mwenye mashine. Nyangeta, ambaye siku ya rufaa ya baba yake alikuwa tumboni, amefungua kesi kuwazuia, akashindwa mahakama ya mwanzo kwa sababu wenzake walileta karatasi ya Bwana Shauri inayosema Magesa alikubali. Akaenda wilayani. Hapo ndipo pametokea kitu ambacho sijakiona maisha yangu yote. Hakimu wa wilaya, kijana labda anakuzidi miaka mitano, alisoma ile karatasi akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza. Aliuliza mkalimani alikuwa nani, na kama yu hai.

Nyangeta alinifuata kwenye kibanda changu cha kushonea. Alisafiri kutoka Butiama alfajiri, akasubiri mpaka nimalize suruali ya mteja, hakutaka kukaa. Nilipojua ni nani nilianza maneno mengi ya kujitetea, yale marefu ambayo zamani nilimnyima baba yake. Akanikatisha.

"Baba alikuwaga anakutaja kila tukipita pale," akasema. "Sikuja kukusamehe. Nimekuja kukuita."

Akaweka wito juu ya kitambaa akaondoka. Nilimpenda kwa hilo, nakiri. Kama angenisamehe ningepata pa kujificha.

Sasa turudi kwako. Ulisema watu wa ofisini watasema baba yake hakimu mpya ni mwongo wa mahakamani. Watasema, ndiyo. Ofisi zetu hazijawahi kukosa wino wa kazi hiyo. Ulisema pia kwamba kuahirisha mara moja hakumuumizi mtu. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Lile zuio la mahakama linalomkataza mnunuzi asiingize mashine linakwisha Jumatano, na hakimu amesema wazi halitaongezwa bila ushahidi mpya. Shahidi asipofika Jumatatu, Alhamisi mashine zinapita juu ya makaburi ya kina Magesa, na baada ya hapo nikasema nini, na kwa nani? Nilikueleza hayo Jumapili. Uliyasikia, ukayaweka kwenye mizani na kuthibitishwa kwako, ukaamua. Hiyo ndiyo hukumu yako ya kwanza, Zainabu, ya kesi ambayo hukupangiwa, kabla hata hujaoneshwa kiti chako. Na ulinipa mimi niifasirie mahakama kwamba naumwa.

Nakusema kwa ukali kwa sababu nakijua kinachokuja baada ya hapo. Hakuna siku utaitwa kuamua kati ya haki na dhuluma ukaziona zote mbili zimesimama wima mbele yako. Utaulizwa ndiyo au hapana saa sita kasoro, una njaa, mkubwa wako anatazama saa. Mtu mbele yako atasema neno lisiloingia kwenye fomu. Wewe utakuwa na madaraka ya kulipunguza liingie. Sijui nikushauri nini hapo. Najua tu ladha iliyobaki mdomoni mwangu, nami nisingependa uijue.

Na usidhani nakudharau. Wanaostahili dharau nimewataja, na nimejitaja mara nyingi kuliko wote. Wewe nakuogopea. Ulipokuwa na miaka saba ulikataa kula mpaka tumrudishie jirani kuku aliyeingia kwetu, na mama yako akakuita mkaidi. Nataka mkaidi yule apande basi kesho.

Siumwi. Jumatatu saa tatu nitavaa ile suti ya kijivu niliyoishona mwenyewe, nitakwenda kwa miguu kutoka hapa Mwisenge, nitaapa, na nitamwambia hakimu kwamba Mzee Magesa hakukubali, kwamba alisema amesikia, kwamba nililijua neno hilo tangu utotoni na nikalibadilisha kwa makusudi. Wakiniuliza kwa nini, nitasema ilikuwa karibu saa ya chakula. Watacheka. Watanishtaki wakitaka. Sitasema nilikuwa kijana.

Kuna jambo moja la kwako ambalo sina namna ya kulizuia. Chini ya kila hukumu utakayoandika utaweka jina lako, na baada ya jina lako litafuata langu, kwa sababu ndivyo tunavyoitwa. Mpaka leo hilo ni jina la mtu aliyedanganya mahakamani. Jumatatu mchana litakuwa jina la mtu aliyedanganya mahakamani akarudi kusema. Zaidi ya hapo sina cha kukuachia, mwanangu, na kibandani nimebakiwa na cherehani tu.

Baba yako,
Saidi